Forwili ya Pajero ya zamani haishiki: namna ya kutafuta tatizo kabla hujafungua difu

Masika ya mwaka juzi nilikwama usiku kucha kwenye mlima wa kwenda Kinole, upande wa Uluguru, nikiwa na Pajero yangu ya mwaka 1994. Forwili, yaani mfumo wa magurudumu yote manne kuvuta gari, niliitia mapema, kabla ya kuingia kwenye tope, kama inavyotakiwa. Taa za magurudumu ya mbele kwenye dashibodi zikaanza kupepesa na hazikuacha. Magurudumu ya nyuma yakachimba mpaka gari likakaa kwa tumbo, ya mbele yametulia kimya. Kesho yake trekta lilinivuta, na gereji moja mjini ikanipa jibu ndani ya dakika kumi: difu ya mbele, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya mbele, imekufa, katafute ya mtumba.

Bei yake ilininyima usingizi, ndiyo maana nikaingia mwenyewe chini ya gari na tochi. Nikakuta mpira mwembamba, unene wa kalamu, ncha yake imepasuka kama kisigino cha mtu atembeaye pekupeku wakati wa kiangazi. Ukiuacha unaonekana mzima, ukiukunja kidogo ufa unafunguka. Nilikata sentimita tatu, nikauchomeka tena, nikawasha gari. Taa zikapepesa mara tatu, zikatulia. Difu ilikuwa nzima, na mpaka leo ni nzima.

Tangu siku hiyo nimelala chini ya Pajero nyingi za ndugu na majirani, na ninachosema hapa nimekiona kwa macho: forwili ya gari la umri huu ikikataa, mara nyingi gia hazina kosa. Kosa liko kwenye upepo (vakyumu, yaani mvuto wa kunyonya hewa), nyaya na swichi zinazoziamuru gia. Kwa hiyo tafuta kwa mpangilio, ukianza na vitu visivyo na gharama, na usikubali difu ifunguliwe kabla hujapita hatua zilizopo hapa chini.

Mfumo wenyewe unavyofanya kazi

Nazungumzia Pajero ya kizazi cha pili, ile iliyoanza mwaka 1991, ambayo wengi wetu tunaijua kwa namba za V24, V44, V46 na nyinginezo. Nyingi zina mfumo wa Super Select, na utautambua kwa gia ndogo yenye nafasi nne: 2H (magurudumu ya nyuma tu ndiyo yanayovuta), 4H, 4HLc na 4LLc (yote manne). Kama gia ndogo ya gari lako ina nafasi tatu tu, 2H, 4H na 4L, hilo halina difu ya katikati, na 4H yake usiitumie kabisa kwenye lami kavu. Upimaji wa mhimili wa mbele ulioelezwa hapa bado utakufaa ukikuta mipira ya vakyumu imefika huko.

Kwenye Super Select, transfa, boksi la gia lililo nyuma ya gia boksi, inagawa nguvu mbele na nyuma. Ndani yake kuna difu ya katikati inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti kidogo, ikisaidiwa na viskosi, yaani kifaa chenye mafuta mazito kinachozuia upande mmoja usikimbie peke yake. Ndiyo maana 4H inaruhusiwa hata kwenye lami. Ukitia 4HLc, difu hiyo ya katikati inafungwa. Ukitia 4LLc, inafungwa na gari linapata nguvu karibu mara mbili, mwendo ukipungua kwa kiasi hichohicho.

Mhimili wa mbele ndio wenye siri. Shafti ya upande mmoja, ule mrefu, imekatwa vipande viwili, na katikati yake kuna klachi ya meno inayoteleza kuviunganisha au kuviachanisha. Ukiwa 2H vimeachana, ili magurudumu ya mbele yasizungushe propela shafti bure. Anayeisogeza klachi hiyo ni kopo la vakyumu lililofungwa kwenye mhimili, lenye mipira miwili: mmoja unavuta kuunganisha, wa pili unavuta kuachanisha. Vakyumu yenyewe, kwenye injini ya dizeli ya 4D56, inatoka kwenye pampu iliyo mgongoni mwa alteneta. Kwenye petroli inatoka kwenye manifoldi ya hewa. Inahifadhiwa kwenye tangi dogo, inapita kwenye solenoidi mbili, yaani valvu ndogo zinazoendeshwa kwa umeme, kisha inashuka kwenye kopo. Klachi ikishafika, inagusa swichi iliyo kwenye mhimili, na hapo ndipo taa inaacha kupepesa.

Zingatia hilo la mwisho. Taa haijui kama gia ni nzima. Inajua tu kwamba swichi fulani imeguswa au haijaguswa.

Vifaa

Jeki na stendi mbili imara, mawe au magogo ya kuzuia matairi, spana za kawaida, tochi, mita ya umeme, chaki, tepu ya rangi mbili, na sirinji kubwa ya mililita 60 kutoka duka la dawa pamoja na kipande cha mpira kinachoingia kwenye ncha yake. Sirinji hiyo ndiyo pampu yako ya vakyumu. Nimeitumia kuliko kifaa kingine chochote.

Hatua ya kwanza: soma taa, lakini usiziamini peke yake

Tafuta njia ya changarawe iliyonyooka. Usifanyie jaribio hili kwenye lami. Washa gari, ukiwa 2H, taa za kijani za magurudumu ya nyuma pekee ndizo zinatakiwa ziwake. Tia 4H ukienda polepole: za mbele zitapepesa kidogo kisha zitulie, zote nne ziwe zimewaka. Tia 4HLc: taa ya katikati, ya rangi ya chungwa, nayo ipepese na kutulia. Simama kabisa, gia kubwa iwe N kwa automatiki au kanyaga klachi kwa manyuo, kisha tia 4LLc.

Za mbele zikipepesa bila kukoma, tatizo liko kwenye mhimili wa mbele au kwenye upepo na umeme wake. Ya katikati ikipepesa peke yake, angalia transfa na swichi zake. Ikiwa hakuna taa hata moja inayowaka, anza na fyuzi kabla ya kitu kingine chochote.

Kupepesa kwa muda mfupi si ugonjwa. Meno yanasubiri yaoane. Hasa ukitoka 4HLc kurudi 4H, gari linaweza kuwa limejikaza kwa sababu magurudumu yamezunguka tofauti huku mbele na nyuma vimefungwa pamoja. Rudi rivasi mita chache usukani ukiwa umenyooka, mara nyingi inaachia. Nimeona mtu akibadilishiwa swichi mbili kwa jambo ambalo rivasi ya mita tano ingelimaliza.

Hatua ya pili: uliza gurudumu lenyewe

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinakuambia kama klachi ya mbele imeshika kweli, taa iseme itakavyo.

Gari likiwa chini, kwenye sehemu tambarare, washa injini, tia 4HLc, sogea mita tatu nne, kisha simama. Zima injini. Gia kubwa iweke P, au gia ya kwanza kwa manyuo, vuta handibreki, ziba matairi ya nyuma kwa mawe mbele na nyuma. Sasa inua gurudumu moja la mbele, weka stendi, na ulizungushe kwa mikono.

Likicheza kidogo tu kisha likagoma, klachi imeshika. Nguvu ya gari inafika pale. Likizunguka mzunguko mzima bila kupinga, kuna kitu hakijaunganika. Haijalishi umeinua la kulia au la kushoto, jibu ni lilelile.

Linganisha sasa na taa. Gurudumu limegoma lakini taa bado inapepesa: forwili yako inafanya kazi, ni swichi ya mhimili au waya wake unaodanganya, na unaweza kusafiri ukiwa na amani. Gurudumu linazunguka na taa inapepesa: klachi haijafika, nenda kwenye vakyumu. Gurudumu linazunguka huku taa imetulia: hapo ndipo pa kuogopa kidogo, kwa maana ama swichi imeganda, ama kuna kitu cha chuma kimekatika, sivi jointi (kiungo kinachokunjika cha shafti ya gurudumu) au ndani ya difu.

Kamwe usiwashe injini na kutia gia ukiwa na gurudumu moja hewani na forwili imeingia. Magurudumu yaliyo chini yatasukuma, gari litaruka kwenye jeki likiwa na mtu chini yake. Ndiyo maana tunaingiza 4HLc gari likiwa chini, tunazima, halafu tunainua.

Hatua ya tatu: vakyumu, na hapa usiwe na haraka

Anza kwa macho. Fuata mipira myembamba kutoka kwenye chanzo, ukipitia tangi na solenoidi, mpaka kwenye kopo kule chini. Usitazame katikati ya mpira. Tazama ncha, sentimita mbili tatu za mwisho, mahali panapovutwa na joto na mtikisiko. Kunja kila ncha kwa vidole. Tazama pia mahali mpira unapopita karibu na ekzosi, na mahali ambapo fundi aliyetangulia aliukaza kwa waya.

Kabla hujachomoa mipira miwili ya kopo, funga tepu nyekundu kwenye mmoja na nyeusi kwenye mwingine, na vilevile kwenye vichwa vyake. Ikibadilishana nafasi, mhimili utafanya kinyume: utashika ukiwa 2H na kuachia ukiwa 4H. Utapoteza siku nzima ukitafuta ugonjwa uliouleta mwenyewe.

Sasa chukua sirinji. Chomoa mipira yote miwili ya kopo, chomeka mpira wa sirinji kwenye kichwa kimoja, vuta taratibu. Fimbo ya kopo inatakiwa isogee. Shikilia sirinji hapohapo, hesabu hadi thelathini. Fimbo ikibaki palepale, utando wa ndani ni mzima. Ikirudi taratibu na bomba la sirinji linalegea mkononi mwako, utando umetoboka. Fanya hivyo kwa kichwa cha pili, kwa sababu nimekutana na kopo lililokuwa zima upande mmoja na bovu upande mwingine: lilishika forwili vizuri sana, likagoma kuachia. Ikiwa fimbo haisogei kabisa lakini vakyumu inashikilia, kopo ni zima na klachi ndiyo imeganda kwa kutu au kwa kutotumika. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye fimbo, vuta na achia mara nyingi, zungusha gurudumu kidogo ili meno yaoane. Mara nyingi inaamka.

Kopo likiwa zima, pima chanzo. Chomoa mpira unaotoka kwenye tangi kuelekea solenoidi, washa injini, ziba kwa kidole. Inatakiwa ikunyonye ngozi kwa nguvu na mara moja. Ukiwa na geji ya vakyumu, dizeli yenye pampu nzima inasoma karibu inchi 25 za zebaki kwenye miji ya pwani. Ukiwa Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, toa inchi tano hivi, kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi. Usibadilishe pampu kwa ajili ya hilo. Alama nyingine ya pampu kuchoka ni pedali ya breki kuwa ngumu, kwa kuwa busta ya breki inanyonya kutoka chanzo hichohicho. Breki zikiwa ngumu, acha habari za forwili, shughulikia breki kwanza.

Zima injini, subiri dakika moja, chomoa mpira wa tangi tena. Ukisikia sauti ya hewa ikiingia, tangi na valvu yake ya njia moja vimeshikilia. Ukiona kimya, valvu hiyo imechoka au imefungwa kinyume.

Kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi wote. Chukua mpira mrefu, unganisha chanzo cha vakyumu moja kwa moja kwenye kichwa cha kopo cha kuunganisha, ukiruka solenoidi, na kichwa cha pili ukiache wazi. Mpira ukae mbali na feni na mikanda. Tia 4H, sogea kidogo. Taa zikitulia, mhimili, kopo, swichi na pampu vyote vimepita mtihani kwa mara moja, na tatizo liko kwenye solenoidi au umeme wake. Ukikwama mbali na mafundi, njia hiyohiyo inaweza kukutoa kwenye tope.

Unapobadilisha mipira, nunua mpira wa vakyumu wenye ukuta mnene. Ule mwembamba wa maji unalala bapa injini ikipata joto, na tatizo linarudi mchana kisha linapotea asubuhi.

Hatua ya nne: umeme

Fungua swichi ya gari bila kuwasha injini, mtu mmoja ahamishe gia ndogo kutoka 2H kwenda 4H huku wewe umeweka kidole juu ya solenoidi. Utasikia kimlio kidogo, tak. Isipolia, chomoa plagi yake, angalia kutu ya kijani kwenye pini, safisha, jaribu tena. Pima kwa mita kama volti 12 zinafika kwenye plagi. Zikifika na solenoidi ikanyamaza, imekufa. Zisipofika, rudi nyuma ukitafuta waya uliokatika, fyuzi, au swichi ya transfa isiyotoa taarifa.

Solenoidi inaweza kulia na bado isipitishe hewa, kwa uchafu uliomo ndani. Ipe umeme wa betri kwa nyaya mbili, puliza kwa mdomo kupitia mpira: njia ya hewa ibadilike kila unapounganisha na kuachia. Ile isiyobadilika, hata ikilia vizuri namna gani, haifai.

Swichi za transfa zimefungwa kama bolti juu yake, kila moja na waya wake, na tope la miaka yote liko pale. Chomoa plagi, pima kwa mita huku gia ndogo inahamishwa: iunganishe na kukata. Ukiamua kuifungua swichi, kuwa mwangalifu sana, kwa maana chini yake kunaweza kuwa na kigololi kidogo cha chuma. Safisha kwanza mchanga wote, toa swichi, kamata kigololi kwa sumaku. Bila hicho, swichi mpya haitaguswa na chochote.

Hatua ya tano: gia zenyewe

Umefika hapa kwa haki. Sasa sikiliza.

Kishindo au mruko wa meno ukikanyaga mafuta mlimani ukiwa 4HLc au 4LLc, na kimya kabisa ukiwa 2H, mara nyingi ni mnyororo wa transfa uliolegea. Mlio wa ka-ka-ka ukikata kona usukani umeisha ni sivi jointi, na bila shaka buti yake ya mpira imechanika na grisi imetapakaa ndani ya rimu. Gari likijikaza na kurukaruka kwenye kona kali ukiwa 4H, viskosi imeganda. Likifanya hivyo ukiwa 4HLc kwenye ardhi ngumu, ni kawaida yake, halitakiwi kuwa pale.

Kabla ya kuilaumu viskosi, pima matairi. Piga alama ya chaki kwenye kila tairi na kwenye sakafu, sukuma gari mzunguko mmoja kamili, pima umbali kwa futi kamba. Matairi mawili mapya nyuma na mawili yaliyokwisha mbele yanalazimisha difu ya katikati kufanya kazi kila mita ya safari ukiwa 4H. Kwetu hili ni jambo la kila siku, tunanunua tairi mbili mbili kadiri mfuko unavyoruhusu. Kwa gari la forwili, jitahidi yote manne yalingane.

Halafu oili. Legeza kwanza nati ya kujazia, ndipo ya kumwagia, usije ukamwaga kisha ukashindwa kujaza. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si kawaida. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, na njia yake kubwa ni kipumulio cha difu kilichoziba kwa tope: difu yenye joto ikiingia mtoni inapoa ghafla, inavuta hewa, na isipoipata kwenye kipumulio inavuta maji kupitia oili sili. Safisha kipumulio, kisha ubadilishe oili. Difu zinataka oili ya gia ya GL-5. Kwa transfa na gia boksi fuata kitabu cha gari, usimimine chochote kilichobaki kwenye galoni.

Kama gari lako si Pajero

Mpangilio ni uleule, wahusika wanabadilika. Land Cruiser za mfululizo wa 70 nyingi zina habu za kufunga kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele, na kabla ya kufungua chochote shuka uangalie kama zote mbili ziko LOCK. Moja ikibaki FREE, mbele hakuna nguvu. Prado ya mfululizo wa 90 ni forwili muda wote, na malalamiko yake makubwa ni taa ya difu ya katikati kupepesa, ambako mota ndogo ya kufungia iliyo juu ya transfa imeganda kwa kukaa miaka bila kutumika.

Na kuna wakati hakuna ubovu wowote. Difu ya mbele ya Pajero haina kufuli. Gurudumu moja la mbele likiwa hewani na moja la nyuma likiwa kwenye utelezi, hayo mawili yatazunguka na gari halitakwenda, taa zikiwa zimetulia vizuri. Hapo unahitaji mawe chini ya tairi.

Ukimaliza kurekebisha, rudi kwenye changarawe ileile. Ingiza na kutoa forwili mara kumi injini ikiwa baridi, kisha endesha nusu saa, rudia ikiwa ya moto, maana mipira iliyochoka huficha ugonjwa mpaka ipate joto. Mara moja kwa mwezi tia forwili kwa kilomita chache kwenye njia ya vumbi, hata kama hakuna tope, ili klachi isigande. Baada ya jaribio hilo la kwanza la moto, zima gari, acha ekzosi ipoe, uingie tena chini na tochi uone kama mpira uliobadilisha haujasogea na kuigusa.